Kitabu cha Kumi na Nane cha Mzee wa Maiti

Mzee wa Maiti alikuwa na miaka sita hajaua mtu. Jina hilo alipewa na majirani, wala si kwa ubaya. Kila kitabu chake kilianza na maiti, kikaendelea na maiti, na mara nyingine hata ukurasa wa mwisho ulikuwa na maiti ya kufungia kazi. Alikwisha andika vitabu kumi na saba vya upelelezi. Ameua kwa sumu, kwa kamba, kwa shoka, kwa mto wa kulalia. Kuna tajiri mmoja alimfungia ndani ya jokofu la bucha, na wasomaji wakamwandikia barua za kumshukuru. Mwenyewe alikuwa mpole kupindukia. Mende akionekana nyumbani kwake, aliyemwua ni mkewe.

Miaka sita si mchezo kwa mtu ambaye hana kazi nyingine. Kila asubuhi alioga, akavaa shati safi kama anayekwenda ofisini, akaingia chumba chake cha kuandikia na kufunga mlango, na humo ndani hapakutokea kitu. Alichonga penseli. Alitazama ukuta mpaka akaujua kila ufa kwa tabia yake. Mwaka wa kwanza alisema anapumzika, wa pili akasema anafanya utafiti, wa tatu akaacha kusema. Hofu yake ilikuwa moja tu na hakumficha mkewe: kwamba kichwa kimekauka, basi, na kilichobaki ni kusubiri maiti yake mwenyewe. Aliapa kwamba akipata kitabu kimoja zaidi, kimoja tu, atajua bado yu hai. Asipokipata, na wamzike.

Ndipo likaja wazo la suti.

Alikuwa amekwenda kwa dobi kuchukua suruali yake. Mwisho kabisa wa bomba la kutundikia nguo akaona suti ya kijivu iliyoshika vumbi mabegani. Dobi akamwambia ile ina mwaka wa pili pale, mwenyewe hajarudi. Hiyo tu. Mtu mwingine angesema masikini, akaenda zake. Mzee wa Maiti aliisahau suruali. Kabla hajavuka barabara alikwisha jua kuwa mwenye suti amekufa, ameuawa vipi, na ni kitu gani kimeshonewa ndani ya bitana ya koti. Alipofika nyumbani alipita sebuleni bila salamu, akafungua daftari jipya, na kufikia chakula cha mchana alikuwa na kurasa kumi na moja.

Hiyo ilikuwa miezi mitatu nyuma, na miezi mitatu hiyo ilikuwa ya raha tupu. Sentensi zilimjia zimeshavaa, na viatu juu. Vitabu vingine aliviandika kwa kuvitolea jasho, akifuta na kurudia, akigombana na wahusika wake kama mwenye nyumba na wapangaji. Hiki kilikuwa kama anasomewa naye ananukuu. Alirudi kula vizuri. Alirudi kuimba bafuni, jambo ambalo halikuwafurahisha majirani wote.

Jina alilompa mkewe ni Karani, nalo lilikuwa na historia yake. Bibi huyo alikuwa mpiga chapa wa mahakama kwa miaka thelathini. Maelezo ya mashahidi wote wa mji ule, waongo na wakweli, yalipita kwenye vidole vyake. Mzee wa Maiti, enzi hizo kijana mwembamba mwenye daftari, alikuwa akishinda mahakamani kuwinda visa, akawindwa yeye. Tangu hapo kazi ilikuwa ya wawili. Yeye aliandika kwa mkono asubuhi kwenye daftari kubwa la jalada gumu, ukurasa wa kulia tu, wa kushoto akiuacha wazi kwa masahihisho. Mchana Karani alichukua daftari na kupiga chapa, zamani kwa taipureta, siku hizi kwa kompyuta. Ijumaa alimtolea karatasi kwenye printa, naye akazisoma na kalamu nyekundu.

Tena Mzee wa Maiti alikuwa na mwiko. Kitabu kikishachapishwa, hakifungui tena mpaka kufa. Alisema mwandishi anayesoma vitabu vyake mwenyewe ni sawa na mtu anayenusa soksi zake. Chumbani mwake hamkuwa na hata kimoja; nakala zote zilitupwa kwenye maboksi katika chumba cha binti yao, ambaye aliolewa mbali na sasa alikuwa mtu wa simu za Jumapili. Karani aliuita mwiko huo ushamba, ila aliuheshimu.

Doa la kwanza kwenye raha yake lilikuwa ukimya wa Karani. Vitabu vyote kumi na saba, ikifika sura ya kumi, bibi huyu alikuwa akimtaja muuaji, wakawekeana dau la kuosha vyombo mwezi mzima. Hiki kilifika sura ya kumi, kikapita, naye hakutaja mtu. Alipoulizwa muuaji ni nani, alisema safari hii amemshinda, na akaondoka kwenda kuanua nguo ambazo zilikuwa bado mbichi.

Mtu aliyekula kwa upelelezi maisha yake yote hawezi kuona kitu kama hicho akakiacha. Akaanza kuhesabu. Alimpigia simu mhariri kumpa habari njema, na mhariri, mwanamke ambaye zamani angemsumbua kwa maswali mpaka sikio liungue, alimpa hongera kwa sauti ya mtu anayezungumza na mgonjwa. Hakuuliza kinahusu nini. Hakuuliza kitakwisha lini. Halafu akaomba azungumze na mama.

Kisha akaenda kwa dobi, maana ilikuwa desturi yake kupima kila kitu kabla ya kukiandika, na alitaka kujua namba ya mteja huwekwa wapi kwenye koti. Dobi hakungoja amalize swali. Alisema namba hushonwa kwa uzi mwekundu chini ya ukosi, "kama nilivyokueleza, mzee." Hakukumbuka kuelezwa. Akaomba aitazame tena ile suti ya kijivu. Dobi aliinamisha macho kwenye pasi yake, akasema ile imeshachukuliwa. Na nani? Na wenyewe. Lini? Zamani kidogo. Mzee wa Maiti akatoka amekasirika, akiamini dobi ameiuza.

Lakini lililomtoa usingizini lilikuwa la Ijumaa iliyofuata. Sura ya kumi na tatu aliikatisha katikati makusudi: mpelelezi ameshika wembe, anakaribia kuipasua bitana ya koti. Hapo aliweka kalamu chini ili kesho aamke na hamu. Sasa anasoma karatasi zilizopigwa chapa, anafika kwenye wembe, na karatasi inaendelea. Bitana inapasuka. Ndani inatoka picha ya mlinzi wa ghala wa kitabu hicho akiwa kijana, mkono wake wa kushoto uko begani kwa marehemu, na mkono huo una vidole vinne.

Akafungua daftari. Daftari liliishia kwenye wembe. Aya mbili zile hakuwa ameziandika. Zilikuwa kichwani mwake tu, neno kwa neno, na hakumwambia mtu.

Wapiga chapa wazoefu wana kosa lao hilo. Kitu wakishakipiga mara nyingi, macho hulala, vidole vikaendelea peke yake. Karani mwenyewe alipata kumsimulia jinsi vidole vyake mahakamani vilivyokuwa vikimaliza kiapo kabla shahidi hajafungua mdomo. Mzee wa Maiti alilikumbuka hilo. Mkewe aliijua hadithi hii. Aliijua mpaka vidoleni.

Akapiga hesabu kama ambavyo mpelelezi wake angepiga. Labda ninaota kwa sauti. Hapana, angenicheka asubuhi ile ile. Basi ameisoma mahali. Basi kuna mtu ameshaiandika. Hapo moyo ulimwenda mbio kweli kweli, kwa sababu kwa mwandishi hakuna kifo kinachozidi hicho: upate mtoto baada ya ukame wa miaka sita, kisha uambiwe ni wa jirani. Aliwapitia mahasimu wake wote mmoja mmoja, pamoja na wawili ambao alikwisha wazika. Ndiyo maana mhariri hakuuliza. Ndiyo maana Karani hakuweka dau. Wote wanajua, wanamwonea huruma. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea, na akaona aibu kidogo, kwa kuwa nguo yenyewe alifuliwa na huyo huyo.

Hakumwuliza. Mshukiwa haulizwi mpaka uwe na ushahidi mkononi. Alisubiri Jumamosi, Karani alipokwenda kumjulia hali mdogo wake. Siku hizi kila akitoka, mama wa nyumba ya pili alikuja kukaa barazani kwao na kufuma, sijui kwao kuna nini. Mzee wa Maiti alimsalimu, akarudi ndani, akaanza upekuzi. Droo za meza ya kompyuta: hamna. Kabati la nguo: hamna, isipokuwa zawadi aliyompa zamani ambayo haijawahi kuvaliwa, na hilo tutaliacha. Ikabaki chumba cha binti yao. Akakumbuka mwiko wake, akapiga moyo konde, akavuta boksi la kwanza.

Kitabu kilikuwa cha tatu kutoka juu. Jalada lake lilikuwa na koti la kijivu limetundikwa. Akalifungua bila kutazama jina la mwandishi, kama mtu anayebandua plasta, akasoma sentensi ya kwanza. Ilikuwa yake. Haukubadilishwa hata mkato. Akasoma ukurasa mzima, akafunga, ndipo akatazama jalada. Jina la mwandishi lilikuwa lake. Mwaka ulikuwa wa ishirini na tatu nyuma.

Akacheka. Alicheka mpaka akakaa kitandani, kwa sababu afueni nayo ina wazimu wake. Hakuna aliyemwibia. Mwizi alikuwa yeye, na aliyeibiwa yeye, na wa kulaumiwa ni ule mwiko wa soksi. Mtu amezika vitabu kumi na saba bila kuwatazama tena marehemu, ajabu gani mmoja akifufuka? Mganga hajigangi. Alikwisha anza kupanga atakavyoisimulia kama mzaha mezani, na Karani atakavyosema si nilikwambia ni ushamba. Ingeuma, kitabu kimekufa, lakini mzaha ni mzaha.

Alipokuwa anarudisha kitabu aliona mafurushi mawili ya karatasi chini yake, yamefungwa kwa kamba. Kila moja lilikuwa na tarehe kwa mwandiko wa Karani. La kwanza la mwaka juzi. La pili la mwaka jana. Akafungua. Suti ya kijivu, vumbi mabegani, dobi, mlinzi. La kwanza lilifika mwisho. La pili liliishia sura ya kumi na tisa. Katikati ya lile la kwanza mlikuwa na kurasa tatu za daftari zilizoungua kingo, na mwandiko juu yake ulikuwa wake.

Hakucheka tena. Alikaa pale, akiitafuta hiyo miaka miwili ndani ya kichwa chake kama mtu anayepapasa swichi kwenye ukuta usio na swichi. Aliona asubuhi nyingi, shati safi, mlango, ukuta. Hakuona moto wowote.

Karani alirudi saa kumi, akamkuta amekaa kwenye kitanda cha binti yao, mafurushi mapajani. Hakushtuka, na hilo ndilo lililomwumiza zaidi. Aliweka mkoba chini, akavua viatu, akakaa kando yake.

"Mara ya ngapi hii?" Mzee akauliza.

"Kuandika au kugundua?"

"Vyote."

"Kuandika, ya tatu. Kugundua, ya pili; mara ya kwanza uliambiwa. Huwa unagundua, Mzee wangu. Wewe si mtu wa kufichwa."

Akamsimulia kwa sauti ile ile ya kusoma maelezo mahakamani, asiongeze, asipunguze. Suti ilikuwako kweli, miaka ishirini na minne iliyopita, dobi alipokuwa baba yake huyu wa sasa. Mara ya kwanza alipoiandika upya, Karani naye alidhani ni mwiko tu, ameshasahau kitabu chake. Walimpelekea mhariri, mhariri akapiga simu akicheka, halafu akaacha kucheka. Alipoambiwa, Mzee alilichoma daftari uani. Binti yao alikuja, wakaenda kwa daktari, picha ya kichwa ikapigwa, ugonjwa ukatajwa jina. Mzee alikuwapo na aliitikia kila kitu. Mara ya pili aligundua mwenyewe, kama leo. Alilia siku mbili. Asubuhi ya tatu alitoka bafuni na shati safi, akasema amepata wazo.

Mzee wa Maiti alisikiliza kisa cha mtu huyo na kumwonea huruma, kisha akakumbuka ni nani.

"Ungeninyima daftari," akasema. "Mwenzangu, kwa nini unipigie chapa upuuzi huu mara tatu?"

Karani alikunja kamba ya furushi kwenye kidole, akaikunjua.

"Nilikunyima. Baada ya ule moto. Binti yako alishauri, daktari naye akasema upumzishe akili. Niliyaficha madaftari wiki tano. Wiki ya tatu uliacha kuniita Karani. Ya tano ukanifuata jikoni umeshika mfuko wa nguo zako, ukanishukuru kwa ukarimu, ukaniuliza mwenye nyumba yuko wapi umuage, maana mkeo anakusubiri kwenu. Nikakupa daftari. Nilikosa cha kukupa. Ukaandika kurasa mbili, ukainua kichwa, ukasema, Karani, penseli zangu umezitia wapi? Ukiandika unanijua. Sijui kwa nini, na daktari hajui. Kwa hiyo napiga chapa."

Hapo Mzee alikata tamaa, moja kwa moja, pasipo pa kushika. Miezi mitatu alidhani amerudi kuwa mtu. Kumbe kitabu hakikuwa kitabu. Kilikuwa namna ya kumjua mkewe mpaka saa ya chakula. Alitamani kufa na alijua hata hilo atalisahau kulitamani.

Na hapo hapo, Mungu amsamehe, kikamjia kisa. Mwandishi wa upelelezi anagundua hadithi yake imeibiwa. Anamshuku mkewe. Anafuata nyayo moja baada ya nyingine, hatua kwa hatua, na mwisho wa nyayo anakuta viatu ni vyake. Wazo jipya. Halikuwa na suti, halikuwa na dobi. La kwanza kwa miaka sita, tena zuri, zuri kupita yote kumi na saba. Akamshika Karani mkono, akamwambia ampe karatasi upesi, chochote, lisije likapotea, akamweleza lote kwa pumzi moja.

Karani alimsikiliza mpaka mwisho.

"Uliliandika," akasema. "Mwaka jana, siku ya pili ya kulia. Kurasa nne, ziko mwisho wa hilo furushi la pili. Asubuhi yake uliziona mezani ukaniuliza ni za nani."

Alizitafuta, akaziona. Alizisoma zote nne akiwa amesimama. Zilikuwa nzuri kama alivyodhani. Akazirudisha mahali pake na kuzifunga kamba yeye mwenyewe, mafundo mawili.

Barazani mama wa nyumba ya pili alikusanya uzi wake, akaaga, akaenda zake. Mzee wa Maiti aliuliza haya anayoyajua sasa atakaa nayo muda gani. Karani akasema siku mbili, pengine tatu. Alimtazama bibi huyu, uso uliochoka ambao hakuuona ukichoka, akawaza mara tatu za kupiga chapa maneno yale yale, na kudanganya kuhusu dau, na kumwomba jirani aje kufuma.

"Nisamehe," akasema. "Kabla halijaniponyoka. Nimekufanya nini, mke wangu. Nisamehe."

"Umeshaniomba. Mara zote mbili."

"Ukanisamehe?"

"Nilikusamehe."

"Basi siombi tena?"

Karani alijifuta macho kwa kiganja, haraka, kama anayefuta jasho la kazi.

"Omba tu," akasema. "Mimi ndiye ninayebaki nayo."

Akaomba, polepole, tangu mwanzo, akitaja kila kosa alilosimuliwa kana kwamba alikuwa akilikumbuka. Alipomaliza jua lilikuwa bado juu na sura ya kumi na tatu ilikuwa haijaisha. Mkewe akamwinua kwa kiwiko, akampeleka mezani, akamfungulia daftari kwenye ukurasa wa kulia.